Baba ameshauriwa dawa ya sindano na mwanga wa leza kwa saratani ndani ya njia ya hewa: naomba ufafanuzi

Binti wa Tanganyika (Buffalo, New York)

Shikamooni wakubwa zangu, na habari zenu nyote.

Naomba maelezo kutoka kwa wenye ujuzi wa magonjwa ya kifua, na vilevile kutoka kwa yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa tiba nitakayoieleza. Baba yangu amevuka miaka 70, na amevuta sigara tangu ujana wake kule Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, akaendelea nayo katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, mpaka tulipohamishiwa Marekani. Majira ya baridi haya alianza kutoa makohozi yenye michirizi ya damu. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, lakini alipoingizwa kamera kwenye njia ya hewa ikaonekana ana uvimbe usiofika sentimita moja kwenye ukuta wa mrija unaopeleka hewa sehemu ya juu ya pafu la kushoto. Maabara imethibitisha kuwa ni saratani ya aina ya skwamasi (ya seli bapa za utando), na picha za CT na PET hazikuonyesha kwamba imefika kwenye tezi au kwingineko.

Madaktari wa upasuaji wanasema mapafu yake yamechoka sana kwa sigara, na kwamba wakimwondolea sehemu ya pafu huenda akashindwa kupumua bila mashine. Badala yake wanapendekeza achomwe dawa kwenye mshipa, angoje siku mbili, kisha amulikwe kwa leza ndani ya mrija huo. Wazee wenzake wa kanisani wamemwambia kwamba tiba ambayo hakuna mtu wetu aliyewahi kuisikia ni majaribio, na kwamba wakimbizi ndio wanaojaribiwa kwanza. Baba mwenyewe anauliza jambo moja tu: ikiwa mwanga unaua saratani, mbona yeye amevua samaki juani ujana wake wote na bado akaugua?

Naomba kujua tiba hii inafanyaje kazi, kama ni ya kuponya au ya kupunguza makali tu, na kama kuna hatari ambazo sisi wa nyumbani tunapaswa kujiandaa nazo. Mimi ndiye ninayemtafsiria hospitalini, na ninaona haya kumwambia jambo ambalo mimi mwenyewe sijalielewa.

Daktari wa Kifua (Dar es Salaam)

Marahaba binti yangu, na pole kwa kuuguza.

Naanza na swali la mzee, kwa sababu ni swali la mtu anayefikiri. Mwambie kwamba mwanga peke yake hauui saratani, na dawa atakayochomwa nayo, ikiachwa gizani, haiui saratani pia. Vinahitajika vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: dawa, mwanga wa rangi maalumu, na oksijeni iliyomo ndani ya nyama ya mwili. Jua la Ziwa Tanganyika halikuikuta dawa mwilini mwake, na hata kama lingeikuta, lisingefika ndani ya kifua.

Kwa jinsi ulivyoeleza, dawa inayotajwa bila shaka ni porfimeri sodiamu, ambayo huuzwa kwa jina la Photofrin. Huingizwa polepole kwenye mshipa kwa dakika 3 hadi 5, kwa kipimo cha miligramu 2 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa, na husambaa mwili mzima. Katika siku mbili tatu zinazofuata, sehemu nyingi za mwili huiondoa, ilhali uvimbe wa saratani, pamoja na ngozi, ini na wengu, huendelea kuishikilia kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kungoja: leza huwashwa kati ya saa 40 na 50 baada ya sindano. Kuhusu ngozi kuishikilia dawa nitakuachia wengine wenye uzoefu wa nyumbani, maana hapo ndipo kazi ya familia ilipo.

Siku ya leza, mzee atapewa dawa ya usingizi au ya kumtuliza, kisha kamera itapitishwa tena kama mara ya kwanza, na ndani yake utapita uzi mwembamba wa kioo ambao ncha yake hutoa mwanga mwekundu pande zote. Mwanga huo una urefu wa wimbi wa nanomita 630. Kwa kipimo cha kawaida cha njia ya hewa, kumulika sehemu moja huchukua dakika 8 na sekunde 20. Dawa ikipigwa na mwanga huo hunyonya nguvu yake na kuikabidhi oksijeni iliyo jirani, na oksijeni hiyo hugeuka kuwa ya ukali mkubwa, ikaharibu seli zilipo na kuziba vijishipa vya damu vinavyoulisha uvimbe. Leza hii haichomi kwa joto wala haikati, na haihusiani kabisa na tiba ya mionzi ambayo watu wengi wanaijua kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road.

Sasa swali lako kubwa: kuponya, au kupunguza makali? Jibu linategemea kina cha uvimbe kuliko kitu kingine chochote. Mwanga mwekundu wa kiwango hicho hupenya milimita 5 hivi, au 10 kwa makadirio ya juu kabisa. Uvimbe uliotambaa juu juu kwenye utando wa mrija, ambao haujaingia kwenye gegedu la ukuta wake na haujafika kwenye tezi, unaweza kumalizwa wote. Na kwa uvimbe wa chini ya sentimita moja, wa aina aliyo nayo baba yako, taarifa zilizochapishwa na hospitali za Japani zinaonyesha kwamba zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 uvimbe ulitoweka kabisa baada ya tiba. Uvimbe ukizidi hapo matokeo hushuka haraka. Kwa uvimbe mkubwa uliouziba mrija, tiba hiyohiyo hutumika kufungua njia ili mgonjwa apumue, na hapo hakuna daktari mwaminifu atakayeahidi kuponya.

Kwa hiyo, mkirudi hospitalini, ulizeni kina cha uvimbe kimepimwaje. Kuna kamera ya mwanga wa buluu inayoonyesha mipaka ya saratani ambayo jicho halioni kwa mwanga wa kawaida, na kuna kipimo cha ultrasaundi kinachoingizwa ndani ya mrija kuangalia kama ukuta umeshambuliwa. Picha ya CT peke yake haiwezi kutofautisha milimita tatu na sita, na hapa tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Mwalimu Mstaafu wa Biolojia (Mombasa)

Nimefurahi kuona swali hili, ingawa chanzo chake ni ugonjwa, na namuombea mzee nafuu. Ningependa kuzungumzia hofu ya majaribio, kwa kuwa naamini historia inaweza kumtuliza kuliko sisi.

Jambo lenyewe lilianza kuonekana mjini Munich, ambako mwanafunzi wa udaktari aitwaye Oscar Raab, akifanya kazi chini ya Profesa Hermann von Tappeiner, aligundua kwamba rangi ya akridini iliua vijidudu vya majini pale tu vilipopigwa na mwanga. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1900. Mwaka 1912 daktari mwingine wa Ujerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijichoma yeye mwenyewe miligramu 200 za hematoporfirini, dawa ya ukoo mmoja na hii anayopewa mzee, kisha akatoka juani. Uso na mikono yake vilivimba vibaya, na ngozi yake ikaendelea kuchukia jua kwa miezi. Nawaza kwamba wagonjwa wote waliofuata wana deni la shukrani kwake, maana onyo la kujikinga na jua lilianzia kwenye uso wake.

Miaka ya 1970 mkemia Thomas Dougherty ndiye aliyeifanya kuwa tiba ya saratani yenye kupimika, na alifanya hivyo katika taasisi ya Roswell Park, ambayo iko Buffalo. Yaani tiba ambayo wazee wa kanisani wanasema haijulikani imekulia katika mji huohuo wanaoishi. Kwa upande wa njia ya hewa hasa, Yoshihiro Hayata na Harubumi Kato wa Tokyo walianza kuitumia kwa saratani changa za mapafu mwaka 1980. Japani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1994, na mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha mwaka 1998 kwa saratani changa ya njia ya hewa kwa wagonjwa wasiofaa upasuaji wala mionzi, na mwaka huohuo, Desemba, kwa uvimbe ulioziba njia. Hali ya baba yako imeandikwa karibu neno kwa neno katika idhini hiyo ya kwanza.

Hata hivyo wazee wasidharauliwe. Watu waliokwisha kuhamishwa nchi mbili wana haki ya kuuliza. Kama hospitali ingekuwa inamwingiza kwenye utafiti, ingelazimika kumpa fomu inayosema waziwazi kwamba huo ni utafiti na kwamba anaweza kukataa bila kunyimwa huduma. Ombeni fomu ya ridhaa, muisome pamoja naye.

Mama Rehema (Toronto)

Pole sana mwanangu. Mimi nilimuuguza marehemu mume wangu kwa tiba hii, ila yeye uvimbe wake ulikuwa mkubwa na umeziba mrija mkuu wa pafu la kulia, kwa hiyo hali yake si sawa na ya baba yako, na sitaki ukipima mwisho wetu uone ndio mwisho wenu. Tulichopata ni miezi ya kupumua na kulala chali, na kwetu hiyo haikuwa kidogo.

Nitakueleza mambo ya nyumbani. Kwanza, siku ya sindano mwende na nguo za kujifunika mkiwa tayari, kwa sababu ngozi na macho huanza kuchukia mwanga mkali mara moja, na mnaweza kujikuta mnatoka hospitalini saa sita mchana. Mikono mirefu, glavu, soksi, kofia ya ukingo mpana, kitambaa cha kufunika uso na shingo, na miwani myeusi kwelikweli. Sisi tuliambiwa ipitishe chini ya asilimia 4 ya mwanga. Kanga moja haitoshi kwa kuwa kitambaa chake ni chepesi na mwanga hupita. Kitenge kizito kilichokunjwa mara mbili ni bora. Ninyi wa Buffalo mna theluji, na theluji hurudisha jua usoni kutoka chini, mahali ambapo kofia haikingi.

Pili, mafuta ya kujikinga na jua hayasaidii. Yametengenezwa kuzuia miale isiyoonekana, wakati dawa hii huamshwa na mwanga tunaouona kwa macho. Na weusi wa ngozi si kinga ya kutegemea, ingawa shemeji yangu alibishana nami juu ya hilo mpaka nikamwita muuguzi amweleze. Masharti ni yaleyale kwa watu wote, kwa siku zisizopungua 30, na wengine huendelea hadi miezi mitatu.

Tatu, na hili ndilo lililonishangaza zaidi: usimfungie kwenye chumba chenye giza totoro. Mwanga wa kawaida wa ndani ni mzuri kwake, kwa sababu huimaliza dawa iliyobaki kwenye ngozi kidogo kidogo bila kuichoma. Aketi sebuleni, atazame televisheni, ale na wenzake. Anavyotakiwa kuepuka ni dirisha lenye jua, taa kali za karibu kama ya kusomea au ya daktari wa meno, na mashine ya saluni ya kukaushia nywele inayofunika kichwa. Mume wangu alipenda kwenda ibadani, tukawa tunampeleka jioni baada ya jua kuzama, na hata hapo taa za magari yaliyotukabili zilimuumiza macho.

La mwisho ni la hatari. Baada ya leza, mrija huvimba na nyama iliyokufa hulegea ndani yake pamoja na makohozi mazito. Mume wangu alishindwa kupumua usiku wa kwanza, na kama tungekuwa nyumbani sijui ingekuwaje. Kwa hiyo usikubali wamwache peke yake, na mkirudi nyumbani, akitoa damu nyingi, akapata homa, au pumzi ikawa fupi kuliko kawaida, piga simu ya dharura bila kungoja asubuhi.

Halafu mwanangu, acha kutafsiri. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu zinalazimika kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Omba mkalimani wa Kiswahili, wewe ukae upande wa baba yako kama mtoto wake.

Binti wa Tanganyika

Asanteni sana, na Mwenyezi Mungu awalipe. Mama Rehema, pole kwa msiba wako. Nimesoma maneno yako mara mbili. Nimemsomea baba maelezo ya Mwalimu, akacheka nilipofika kwa yule Mjerumani aliyejichoma mwenyewe, kisha akasema kwamba huyo angalau hakumtuma mkimbizi.

Daktari, nina maswali yaliyobaki. Baba anatumia hidroklorothayazidi kwa ajili ya shinikizo la damu, na kliniki iliwahi kumpa doksisaiklini kwa ajili ya kifua. Je, dawa hizi zina tatizo? Na je, kama mionzi ipo, kwa nini wasimpe mionzi tu, akatoka nje siku hiyohiyo bila kujifunika?

Daktari wa Kifua

Umeuliza vyema, na swali la dawa ni la kupelekwa kwa madaktari wake kabla ya sindano. Doksisaiklini na ndugu zake wa kundi la tetrasaiklini, dawa za salfa kama Septrin, dawa za shinikizo za kundi la thayazidi, baadhi ya dawa za kisukari kama glibenklamaidi, na griseofulvini ya fangasi, zote zinaweza kuongeza ukali wa ngozi dhidi ya mwanga. Nyingi kati yake zimo kwenye makabati ya nyumba zetu na hunywewa bila kuuliza. Hidroklorothayazidi ina mbadala wake, lakini asiiache mwenyewe. Daktari ndiye ambadilishie. Pia watamuuliza kama ana ugonjwa wa porfiria (unaolimbikiza mwilini kemikali za ukoo mmoja na dawa hii) au mzio wa dawa za aina hiyo, maana wenye hali hizo hawapewi kabisa, kama wasivyopewa wale ambao uvimbe umekula mshipa mkubwa wa damu au umetoboa tundu kati ya njia ya hewa na umio.

Kuhusu mionzi: ni njia halali, na kama madaktari wake hawajaitaja, waulize kwa nini. Naweza kukisia sababu. Mionzi hupita kwenye sehemu za pafu zisizo na ugonjwa zilizo jirani na kuacha kovu, na mtu ambaye pafu lake halina akiba anaweza kushindwa kulibeba kovu hilo. Tiba ya dawa na mwanga huua pale tu mwanga ulipofika, na mbavu, moyo na sehemu kubwa ya pafu hubaki kama vilivyokuwa. Faida nyingine ni kwamba inaweza kurudiwa: sindano hadi tatu, zikiachana kwa siku zisizopungua 30. Mvutaji wa miaka mingi utando wake wote wa njia ya hewa umeathirika, na uvimbe mwingine unaweza kuchipuka mbele ya safari. Ni vizuri kuwa na tiba ambayo haikumaliza akiba yote mara ya kwanza. Tiba hizi mbili zinaweza pia kufuatana, mradi zipewe nafasi: baada ya leza mionzi husubiri wiki 2 hadi 4, na baada ya mionzi hungojwa hadi kuvimba kwa utando kutulie, kwa kawaida kama wiki 4.

Nakubaliana na Mama Rehema kuhusu usiku wa kwanza. Kwa sababu hiyohiyo tiba hii haifai kwa mgonjwa anayekabwa sasa hivi: inachukua siku mbili kuanza, na huufanya mrija uvimbe zaidi kabla ya kuufungua. Huyo huhitaji njia ya haraka, kama leza ya kukata kwa joto au stenti ya kushikilia mrija wazi. Kwa mzee, mtarajie kamera ya pili siku 2 au 3 baada ya leza, kwa ajili ya kuondoa nyama iliyokufa. Wakiona bado kuna sehemu iliyobaki, wanaweza kummulika tena kati ya saa 96 na 120 tangu sindano, bila kumchoma dawa nyingine.

Msomaji wa Pangani

Samahani kuingilia. Je, kwa nini huku kwetu hatusikii mgonjwa akipewa tiba hii?

Daktari wa Kifua

Katika kazi yangu sijapata mgonjwa wa kumwandikia, na gharama ya dawa na leza ni sehemu tu ya sababu. Tiba hii inamtaka mgonjwa ambaye saratani yake ina milimita chache, na mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hana dalili zaidi ya kikohozi na makohozi yenye damu kidogo, na eksirei yake ni safi. Huku kwetu mtu huyo huanzishiwa dawa za kifua kikuu, na mara nyingi ni sahihi, maana kifua kikuu ndicho kinachowapata wengi. Tatizo linakuja pale ambapo vipimo vya makohozi havikuonyesha vijidudu, dozi imekwisha, damu inaendelea, na bado hakuna aliyemwelekeza kwenye kamera. Mvutaji mwenye umri wa zaidi ya miaka 40 na historia hiyo angepaswa kupelekwa kwenye hospitali yenye kipimo cha kamera mapema, hata kama eksirei haina kitu. Anayefika kwangu baada ya mwaka huwa na uvimbe ambao hakuna mwanga wa kuupenya.

Mama Rehema

Daktari, mwambie pia binti namna ya kujua siku za kujifunika zimekwisha, maana sisi tulikisia.

Daktari wa Kifua

Ni kweli, nilisahau. Baada ya siku 30 aache wazi sehemu ndogo ya ngozi, kwa mfano mgongo wa kiganja, ipigwe na jua kwa dakika 10, si uso, kwa kuwa ngozi inayozunguka macho ni nyepesi zaidi. Kisha angoje saa 24. Wekundu hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mguse: tafuta joto, uvimbe, malengelenge, na muulize kama inawasha au kuuma. Pasipo dalili hizo, aanze kutoka nje kidogo kidogo. Zikiwapo, ajifunike wiki 2 nyingine ndipo ajaribu tena. Kamera za ufuatiliaji zitapangwa na hospitali, na hata akijisikia mzima kabisa asizikose, kwa sababu saratani ikirudi kwenye ukuta wa mrija eksirei haitaionyesha, kama haikuionyesha mara ya kwanza.